The Terror Live (2013): Studio ya redio, Daraja la Mapo na radhi isiyoombwa

MLETA UZI

Wanajukwaa, habari za wakati huu. Naomba nianze kwa tahadhari: uzi huu unaieleza filamu tangu mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo ambaye hajaitazama na anapenda kushtukizwa aishie hapa, akaitazame kwanza, kisha arudi tuzungumze. Ni dakika zisizofika mia moja.

Filamu yenyewe ni The Terror Live, iliyoandikwa na kuongozwa na Kim Byung-woo, ikaingia kwenye majumba ya sinema ya Korea Kusini mwishoni mwa Julai 2013, wiki ileile ilipotoka Snowpiercer ya Bong Joon-ho. Snowpiercer ilikuwa na fedha nyingi na waigizaji wa mataifa mbalimbali. Hii ilikuwa na chumba kimoja, meza moja na mwigizaji mmoja anayetokwa jasho, Ha Jung-woo, na bado iliuza tiketi zaidi ya milioni 5. Nimeitazama mara nne. Mara ya kwanza niliitazama kama mtazamaji mwingine yeyote. Mara tatu zilizofuata niliitazama kama mtu aliyetayarisha kipindi cha redio kwa miaka tisa, kipindi cha asubuhi cha kupokea simu za wasikilizaji, cha namna ileile kabisa inayofungua filamu hii.

Yoon Young-hwa alikuwa nyota wa taarifa ya habari ya saa tatu usiku. Sasa ameshushwa hadi redioni baada ya kashfa ya rushwa, ndoa yake na mwandishi wa habari Lee Ji-soo imevunjika, na asubuhi hiyo anaongoza mjadala kwa sauti ya mtu ambaye moyo wake haumo. Anapiga simu mtu anayejiita Park No-gyu, mfanyakazi wa ujenzi, akilalamikia bili yake ya umeme. Anaonekana ametoka nje ya mada, anakatizwa, lakini haondoki kwenye laini. Anasema ana bomu na atalipua Daraja la Mapo. Young-hwa anamtukana na kumwambia alipue basi. Muda si mrefu kishindo kinatikisa vioo vya studio, na dirishani moshi unapanda juu ya Mto Han, jijini Seoul.

Waliowahi kukaa upande wa pili wa kioo cha studio watanielewa nikisema kwamba kitu cha kweli zaidi katika sehemu hiyo ni dharau ndogo iliyokitangulia kishindo. Mimi nilikuwa na kaunta buku ya kuandikia wapigaji: jina, mahali, hoja, na pembeni niliweka nyota kwa anayejua kuzungumza na mkwaju kwa anayesumbua. Mwenye mkwaju hakuwekwa hewani. Kulikuwa na mzee mmoja aliyepiga karibu kila wiki kuhusu nguzo ya umeme iliyoinama karibu na nyumba yake, na jina lake lilikuwa na mikwaju kurasa nzima, kwa sababu kila alipopiga mada yetu ilikuwa nyingine. Park No-gyu ni mtu wa mkwaju. Filamu inamfanya mtu wa mkwaju awe ndiye pekee ambaye hakuna anayeweza kumkatia simu.

Kisha inakuja sehemu ambayo mimi naihesabu kuwa ndiyo moyo wa filamu, ingawa haina mlipuko wowote. Young-hwa ameshika simu awaarifu polisi. Anasita, anaishusha, halafu anampigia bosi wake wa zamani, Cha Dae-eun, mkubwa wa habari wa televisheni, na kumwekea sharti: sauti ya mlipuaji anayo yeye peke yake, arudishiwe kiti chake cha saa tatu usiku, ndipo mahojiano yaende hewani. Wanakubaliana upesi kama watu wanaonunua samaki kabla jua halijapanda. Studio ya redio inageuzwa kuwa ya televisheni, kamera zinaingizwa, mtangazaji anavaa suti na kufunga tai, na kule nje watu waliokwama darajani bado wamo ndani ya magari yao.

Nawaomba mtazame jambo moja hapo: karibu kila kinachotangazwa baada ya mapatano hayo ni kweli. Daraja limelipuliwa kweli, mlipuaji yuko kwenye simu kweli, watu wamekwama kweli. Tumezoea kuhukumu vyombo vya habari kwa kipimo cha uongo na ukweli, lakini filamu hii inatuonyesha taarifa iliyo sahihi neno kwa neno, ambayo ilikwisha kuuzwa kabla ya kusomwa, na bei yake ilikuwa dakika ambazo waokoaji wangekuwa njiani.

Mlipuaji anadai zaidi ya won bilioni 2 kwa mahojiano, na analipwa. Fedha zinapatikana haraka. Baada ya fedha anadai kitu kisicho na bei: Rais aje studio, aombe radhi mbele ya taifa kwa wafanyakazi waliotumbukia mtoni na kufa walipokuwa wakilikarabati daraja hilohilo, wakakosa kuokolewa kwa wakati kwa sababu vikosi vilikuwa vimeshughulishwa na ugeni wa kitaifa. Ili Young-hwa asiondoke kitini, anaambiwa kwamba kifaa alichovaa sikioni kina kilipuzi.

Kifaa hicho kinahitaji maelezo kidogo. Mtangazaji wa televisheni huvaa kisikizi kidogo sikioni ambamo humsikia mwongozaji akimwelekeza: endelea, fupisha, muulize hivi, nenda kwenye tangazo. Mtazamaji nyumbani hamsikii mwongozaji, anaona uso tu, na anadhani uso ule unasema mawazo yake. Katika filamu sikio hilo moja linagombewa na watu watatu kwa wakati mmoja. Bosi anataka watazamaji waongezeke, afisa wa polisi anataka muda wa kumtafuta mhalifu, na mlipuaji anataka Rais. Ha Jung-woo anaigiza kwa macho tu, na ukiwahi kufanya kazi hii unaweza kujua ni nani anayemnong'oneza kwa jinsi kope zake zinavyocheza. Kwamba Kim Byung-woo aliamua kuweka bomu ndani ya kisikizi, wala si chini ya meza au mlangoni, kwangu ni uamuzi wa mtu anayeijua kazi ya habari mahali inapouma.

Rais haji. Anakuja mkuu wa polisi, anakaa mbele ya kamera, na badala ya kuomba radhi anamkemea mpigaji simu kama anayemkemea mtoto. Anakufa hewani, kwa kilipuzi cha sikioni, na matangazo yanaendelea.

Sasa niseme kwa nini daraja. Mkorea aliyeketi sinemani mwaka 2013 hakuhitaji kuelezwa. Asubuhi ya tarehe 21 Oktoba 1994, kipande cha katikati cha Daraja la Seongsu, hukohuko Seoul, juu ya mto uleule, kilianguka watu wakiwa njiani kwenda kazini na shuleni. Walikufa watu 32, miongoni mwao wanafunzi waliokuwa ndani ya basi. Daraja lilikuwa na umri wa miaka 15 tu. Uchomeleaji ulikuwa mbovu na ukaguzi haukufanywa inavyopaswa. Miezi minane baadaye, tarehe 29 Juni 1995, jengo la maduka la Sampoong liliporomoka na kuua watu 502. Nchi iliyojengwa haraka kiasi kile ilikuwa imegundua kwamba haraka hiyo ilikuwa na walioilipia. Baada ya Seongsu, Rais Kim Young-sam alijitokeza mbele ya taifa akaomba radhi. Kwa hiyo dai la mlipuaji ndani ya filamu si la ajabu kwa Wakorea, kwa kuwa liliwahi kutimizwa. Kinachomkera ni kwamba waliokufa ni vibarua wachache wa usiku, na kwa idadi hiyo hakuna aliyeona sababu ya kusimama.

Miezi tisa baada ya filamu, tarehe 16 Aprili 2014, kivuko cha Sewol kilichokuwa kikitoka Incheon kwenda Jeju kilipinduka karibu na kisiwa cha Jindo kikiwa na watu 476. Abiria waliambiwa kwa kipaza sauti cha melini wabaki walipo. Walikufa watu 304, na 250 kati yao walikuwa wanafunzi wa sekondari ya Danwon, mjini Ansan. Kabla ya saa sita mchana siku hiyo, vituo vikubwa vya televisheni vilitangaza kwamba wanafunzi wote wameokolewa. Fikirini mzazi aliyesikia habari hiyo. Alipumua, labda alimpigia simu mama yake, labda alianza kufunga nguo kavu za kumpelekea mwanawe, na wakati huo mtoto alikuwa bado ndani ya meli inayozama. Ndipo neno giregi likaenea nchi nzima, neno linalounganisha gija, yaani mwandishi wa habari, na sseuregi, yaani takataka.

Wiki tatu baadaye, wakati uchungu haujapoa, ilifahamika kwamba mkuu wa habari wa KBS, shirika la utangazaji la umma, alikuwa amelinganisha idadi ya waliokufa na ile ya ajali za barabarani za mwaka mzima. Usiku wa tarehe 8 Mei 2014 wazazi walizibeba picha za watoto wao hadi makao makuu ya KBS huko Yeouido, eneo lilelile la Seoul ilipo studio ya filamu, wakidai waombwe radhi. Hawakuridhishwa, wakaenda usiku uleule kuelekea Ikulu. Naomba msomaji aliyeitazama filamu alisome tena tukio hilo: watu wenye msiba, kwenye lango la kituo cha habari, Yeouido, wakidai neno moja kutoka kwa wakubwa. Kim Byung-woo aliandika hayo kabla hayajatokea, na tofauti ni kwamba wazazi wale hawakuwa na bomu, walikuwa na picha zenye fremu nyeusi.

Hapa nitaeleza jambo langu mwenyewe, kwa sababu bila hilo nisingeuanzisha uzi huu. Miaka kadhaa iliyopita, katika kituo nilichofanyia kazi, basi lilianguka alfajiri umbali wa mwendo wa saa moja kutoka mjini. Msikilizaji alipiga akasema yuko eneo la ajali na kwamba waliokaa upande wa kulia wamekufa wote. Nilimwekea nyota. Mtangazaji alirudia kauli yake hewani, na kwa kuwa msikilizaji alikuwa ametaja majina mawili aliyoyasikia, majina hayo nayo yakatamkwa. Kufikia adhuhuri tulijua kwamba mmoja wa wale wawili alikuwa hospitali na mguu uliovunjika. Taarifa ya saa saba tulisoma idadi mpya kana kwamba ile ya asubuhi haikuwahi kutoka kinywani mwetu.

Siku ya tatu alikuja mama yake getini. Alikuwa amejifunga kanga mbili, moja kiunoni na moja mabegani, na mkononi ameshika sanda iliyokunjwa vizuri ndani ya mfuko wa plastiki, kwa sababu alikuwa ameinunua asubuhi ile baada ya kutusikia. Hakuja kudai fedha. Alimwambia mlinzi kwamba anamtaka mtu aliyesema mwanawe amekufa, amwambie kwa mdomo wake kuwa alikosea. Mlinzi alimwelekeza aandike barua. Mimi nilikuwa dirishani ghorofa ya kwanza, nikasikia kila neno.

Karibuni tujadili.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Ndugu mleta uzi, ahsante kwa andiko lenye uzito. Hata hivyo naona umempa mlipuaji heshima asiyostahili. Wale waliokufa darajani hawakuwa wamemkosea chochote. Mwandishi Lee Ji-soo alikuwa pale akiwasaidia waliokwama, na hakufika salama. Ikiwa tutasema kwamba asiyesikilizwa anayo haki ya kulipua, basi tumefungua mlango ambao hatutaweza kuufunga. Naiona filamu ina kasoro hapo: inatufanya tumwonee huruma muuaji kwa sababu tu waliomzunguka ni wabaya kuliko yeye.

MLETA UZI

Ndugu yangu, hoja yako nimeipokea na kwa sehemu nakubaliana nayo. Sikusudii kumtetea. Lakini hebu turudi kwenye namna filamu inavyomfichua. Sauti tuliyoisikia muda wote si ya Park No-gyu. Park No-gyu ndiye mmoja wa wafanyakazi waliokufa. Anayezungumza ni mwanawe, kijana anayetumia jina la baba yake. Kijana huyo anamdai Rais radhi kwa jina la marehemu, na hapohapo anawafanya watoto wa watu wengine wawe yatima. Filamu haimwachi asafike. Hata Young-hwa, ambaye mwishoni anamshika mkono kijana huyo asianguke kutoka ghorofani, hamwambii kwamba alikuwa sahihi. Anamshika tu, na mdunguaji anampiga risasi kijana akiwa ameshikwa hivyo.

Huruma yangu iko kwa saa zilizotangulia bomu, miaka iliyotangulia, wakati pengine barua zilikuwa zikiandikwa na hakuna aliyezisoma. Nadhani mtu anaweza kuichukia jinai kwa moyo wote na bado akauliza simu ile ilikatwa mara ngapi kabla.

MCHANGIAJI WA PILI

Nilisoma Seoul kwa miaka minne, na nimelivuka Daraja la Mapo kwa miguu mara nyingi, kwa hiyo niongeze kidogo kuhusu mahali penyewe. Daraja hilo lilifunguliwa mwaka 1970 likiitwa Daraja la Seoul, na linaunganisha eneo la Mapo na Yeouido, kisiwa ambacho ndani yake kuna Bunge la taifa, makampuni ya fedha, na KBS. Zamani MBC na SBS, vituo vingine vikubwa vya televisheni, navyo vilikuwa hapo. Yaani ndani ya mwendo mfupi wa miguu unayo sheria, fedha na habari, vyote vinatazamana. Ndiyo maana mwisho wa filamu, Young-hwa anapobonyeza kitufe na jengo la kituo cha televisheni kuinama kuelekea Bunge, Mkorea anaiona ramani anayoijua.

Kuna jambo lingine zito, nalo nalitaja kwa heshima kwa kuwa linahusu kifo cha mtu. Siku chache kabla filamu haijatoka, tarehe 26 Julai 2013, kiongozi wa kikundi kimoja cha kiraia alijitupa mtoni kutoka daraja hilohilo baada ya kutangaza hadharani kwamba angefanya hivyo. Wapigapicha wa KBS walikuwapo wakirekodi. Shirika lilieleza kwamba liliwaita waokoaji, lakini lawama zilikuwa kali, na mjadala wa kama mpigapicha aendelee kushika kamera au aiweke chini ulikuwa bado mezani watu walipoingia sinemani kutazama hadithi ya daraja lilelile.

MLETA UZI

Sikulijua hilo, na limenikalisha kimya kwa muda. Nakushukuru.

MCHANGIAJI WA TATU

Kwa wanaotaka kuendelea na mada hii, napendekeza Tunnel ya mwaka 2016, iliyoongozwa na Kim Seong-hun, ambamo Ha Jung-woo huyohuyo anaigiza mwuza magari aliyefukiwa ndani ya handaki lililoporomoka. Ana chupa mbili za maji, keki ya siku ya kuzaliwa ya binti yake, na simu yenye chaji asilimia 78. Niliikumbuka nilipofika pale ulipoandika juu ya bei ya dakika. Katika Tunnel, mwanahabari anampigia mtu yule aliyefukiwa ili amhoji hewani, na wewe mtazamaji unaona chaji inavyoliwa kwa ajili ya swali lisilomsaidia yeyote. Nilipiga kelele mbele ya skrini kama vile angenisikia.

Lakini filamu hiyo inaitendea redio haki, na hilo litamfurahisha mleta uzi. Chini ya kifusi, redio ya gari inakamata stesheni moja tu, ya muziki wa klasiki. Baada ya siku nyingi, mkewe, anayeigizwa na Bae Doona, anakwenda kwenye stesheni hiyo na kuzungumza naye hewani, bila kujua kama anasikia, kumwambia kwamba shughuli ya uokoaji inasitishwa. Kipaza sauti kilekile, chumba kidogo kilekile, na safari hii mtu anakitumia kumwambia mwenzake jambo ambalo hakuna mkubwa aliyekuwa tayari kulisema.

MLETA UZI

Umenikumbusha vizuri. Mke yule wa Tunnel hakuwa na maandishi mbele yake wala sauti ya mtu sikioni. Nafikiri ndiyo sababu tunamwamini.

Naomba nirejee kidogo kwenye yaliyofuata Sewol, kwa kuwa mtu ameniuliza faraghani kama kuna lolote lililobadilika. Yapo. Rais Park Geun-hye aliomba radhi kwanza ndani ya kikao cha baraza la mawaziri tarehe 29 Aprili 2014, na watu wakalalamika kwamba radhi ya kuwaambia mawaziri si radhi kwa wafiwa. Tarehe 19 Mei alisimama mbele ya kamera, akalia, akatangaza kulivunja jeshi la walinzi wa pwani. Mkuu wa habari wa KBS alijiuzulu, akaeleza kwamba Ikulu ilikuwa ikiingilia habari, na mwezi Juni bodi ikamwondoa rais wa shirika lenyewe. Septemba mwaka huohuo vyama vya wanahabari vilitangaza kanuni za kuripoti maafa, zinazotanguliza usahihi mbele ya haraka na kuwalinda wafiwa na watoto dhidi ya mahojiano ya kulazimishwa.

Lakini kilichonigusa zaidi ni kile kilichokuja baadaye. Mwaka 2016 zilitolewa hadharani rekodi za simu ambamo katibu wa habari wa Ikulu, Lee Jung-hyun, alikuwa akimbana mkuu yule wa habari wa KBS apunguze ukosoaji dhidi ya walinzi wa pwani. Alishtakiwa kwa sheria ya utangazaji, na Januari 2020 Mahakama ya Juu ikathibitisha faini ya won milioni 10. Kifungu kinachokataza kuingilia utangazaji kilikuwa kwenye sheria tangu mwaka 1987, na huyu alikuwa mtu wa kwanza kutiwa hatiani kwacho. Faini ni ndogo. Hata hivyo ile sauti ya sikioni, ambayo kwa kawaida mtazamaji haisikii kamwe, safari hiyo ilisikika.

Mambo hayajanyooka yote. Moto mkubwa wa misitu ulipowaka mkoani Gangwon mwezi Aprili 2019, mwandishi wa KBS alitangaza kana kwamba yuko Goseong, ilhali alikuwa mji mwingine, Gangneung, mbali na moto. Watu walikuwa wakihama usiku na kuitegemea redio na televisheni kujua waelekee wapi. Kwa shirika lililokabidhiwa rasmi jukumu la kutangaza wakati wa maafa, mimi siwezi kuliita hilo kosa dogo.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Nimesoma yote na nimerudi kuitazama filamu jana usiku. Bado sikubaliani na mwisho wake, kwa sababu Young-hwa kulipua jengo ni kukata tamaa, na naona mwongozaji alikosa njia ya kutokea. Ila kuna kitu nilikipita mara ya kwanza. Kituo pinzani kinampigia Young-hwa akiwa hewani, na badala ya kumwuliza juu ya watu wa darajani, wanamwuliza juu ya rushwa aliyopokea. Ni swali halali kabisa, lakini limeulizwa kwa nia ya kumwangusha mshindani tu. Na yeye anashindwa kulijibu. Mtu anayemtafutia mwenzake radhi ya Rais hakuweza kuomba ya kwake.

MLETA UZI

Hapo ndipo nilipokuwa nataka tufike, na umefika kwa njia yako mwenyewe. Young-hwa angesema "ndiyo, nilipokea" dakika ile, labda asingepoteza chochote ambacho hakuwa amekwisha kukipoteza. Lakini kazi yetu inatufundisha kuuliza, haitufundishi kujibu. Katika miaka yangu tisa sikumbuki hata kikao kimoja kilichohusu namna ya kurekebisha kosa hewani. Tulikuwa na utaratibu wa umeme ukikatika, wa mgeni akichelewa, wa mtu akitukana. Wa kukosea hatukuwa nao.

MCHANGIAJI WA NNE

Samahani dada, mimi siyo mtaalamu wa filamu, nimeusoma uzi kwa sababu ya yule mama wa sanda. Je, aliandika barua? Kuna aliyemjibu?

MLETA UZI

Barua aliileta. Iliandikwa kwa kalamu ya risasi kwenye karatasi ya daftari la shule, na nadhani mwandiko ulikuwa wa mtoto. Ilikaa kwenye trei ya mapokezi, kisha ikapelekwa kwa mkuu wa vipindi, kisha ikarudishwa kwangu ikiwa imeandikwa juu yake kwa wino mwekundu: "Mtayarishaji ashughulikie." Niliiweka ndani ya ile kaunta buku. Nilikuwa na mpango wa kumwomba mtangazaji aisome siku ya Ijumaa. Ijumaa tukapata mgeni.

Nilimwona mama yule mara moja tu baada ya hapo, mwaka uliofuata, pale stendi. Alikuwa na kijana anayetembea kwa gongo, wakinunua ndizi mbivu, na yeye ndiye aliyekuwa akizichagua, akizigeuza moja moja. Mimi nilikuwa kiti cha dirishani ndani ya daladala. Gari lilisimama pale kama dakika mbili likingojea abiria, mlango ukiwa wazi, na sikushuka. Kaunta buku ninayo hadi leo, na barua imo.